Mombasa hadi Mombasa kwa gari: barafu ya Kibo (kilele cha Kilimanjaro), maziwa ya Taveta, Usambara, kisha pwani

Mtembezi wa Mwembe Tayari

Salaam kwenu nyote. Kila nifunguapo simu naona vijana wetu wamerushiana video za barabara za Norwei na New Zealand: mlima ubavuni, barafu juu, ziwa chini, mbele bahari. Na chini yake maneno ni yale yale, "Mungu akinijalia siku moja". Amekujalia zamani, ni wewe tu hujapinda kushoto pale Voi.

Njia yenyewe: Mombasa, Voi, Mwatate, Taveta, mpaka wa Holili, Moshi, Same, Mombo, ukipenda upande Lushoto, kisha Segera, Tanga, mpaka wa Horohoro, Lunga Lunga, Likoni. Barabara kuu yote ni lami. Gari ndogo yatosha, ila ukichepuka kwenda maziwani utatamani iliyoinuka kidogo. Wiki moja ni raha. Siku nne ni mbio, na mimi simshauri mtu mbio.

Nasema anzieni Voi, msianzie Likoni. Kutoka Voi hadi Taveta mtu aelekea magharibi. Ukitoka mjini alfajiri, jua liko kisogoni na nchi yote mbele yako imeangazwa. Ukijivuta ukaingia kipande kile saa kumi na moja jioni, jua lakupiga machoni na ndovu wa Tsavo ndio kwanza waanza kuvuka barabara.

Mombasa hadi Voi ni kama kilomita 160 na sina mengi ya kuisifia, ni malori tu. Mawili ndiyo ya kuangalia. Pale Mazeras, kulia kwako, ndiko kuendako Rabai. Huko ndiko alikokuwa akikaa Johannes Rebmann, mmishonari wa Kijerumani, aliyeondoka 1848 kwa miguu kwenda Uchagani akiongozwa na Bwana Kheri, mtu wa misafara aliyezijua njia za bara. Tarehe 11 Mei akauona weupe juu ya mlima Kilimanjaro. Alipoandika Ulaya kwamba karibu na ikweta kuna theluji, wasomi wa London, William Desborough Cooley akiwa mbele yao, wakamkejeli miaka na miaka. Na watu wa misafara wa pwani hii mlima ule walikuwa wakiupita msimu baada ya msimu. Hakuna aliyewauliza.

La pili ni Mackinnon Road, ule msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali Shah kando ya reli. Wasafiri wengi husimama pale wakaomba dua na kutoa sadaka. Hata kama huna dua, nyoosha miguu, maana mbele ni Maungu na joto.

Voi shika kushoto. Mwatate utapita mashamba ya mkonge yaliyopangwa mistari mpaka macho yachoke, na juu yake ndiyo milima ya Taita. Ukiwa na usiku mmoja wa ziada, panda Wundanyi. Kilele cha Vuria chafika mita 2,208, na baridi yake si mchezo kwa mtu wa Mombasa. Kabichi na sukuma unazogombania bei soko la Kongowea, nyingi zateremka kutoka kule.

Baada ya Maktau barabara yakata ndani ya Tsavo Magharibi. Kando yako ni ile reli ambayo Waingereza waliianza 1915, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kutoka Voi ili wapeleke jeshi Taveta. Karibu kufika utaona kilima kidogo kimejitenga, chaitwa Salaita. Tarehe 12 Februari 1916 wanajeshi wa Afrika Kusini walikishambulia wakidhani ni kazi ya asubuhi moja, wakarudishwa nyuma na askari wa upande wa Wajerumani, wengi wao Waafrika. Makaburi ya vita ile yapo Voi, Maktau na Taveta, yametunzwa vizuri. Vijana wangu waliokuwa wamelala kiti cha nyuma, hapo waliamka wakaanza kuuliza maswali.

Sasa maziwa. Taveta yana mawili na hayafanani hata kidogo. Chala liko kaskazini ya mji, ndani ya shimo la volkeno. Mpaka ufike ukingoni ndipo utambue kuwa lipo. Maji ya buluu iliyokoza, kuta za mawe pande zote, kina kinapita mita 90, na mpaka wa Kenya na Tanzania wapita katikati yake. Hakuna mto uingiao, maji yaja chini kwa chini kutoka mlimani. Mna tilapia wa aina isiyopatikana kwingine. Usiogelee, mamba wamewahi kuua mtu mle. Jipe liko kusini, limetandaa, kina kifupi, matete kila upande, viboko, na ng'ambo yake milima ya Pare imesimama kama ukuta. Wavuvi watakupeleka kwa mtumbwi mkipatana. Wengi hupiga picha Chala wakaondoka. Mimi Jipe ndilo nilipendalo, hasa jioni.

Nitaendelea na upande wa pili nikipata nafasi. Ulizeni.

Binti Kibokoni

Ami Mtembezi, swali la ukweli. Hiyo barafu yaonekana kweli ukiwa ndani ya gari, au ni mpaka mtu alipe mamia ya dola apande? Maana mimi nimepita Voi na basi la Nairobi tangu utotoni na mlima sijauona.

Mrombo wa Kisauni

Dada, ngoja nijibu mimi, maana kule ni kwetu, Kisauni natafuta riziki tu.

Inaonekana, lakini mlima una ratiba yake. Alfajiri mpaka kama saa tatu uko wazi. Baada ya hapo unajifunika, na watu wanaolala hotelini mpaka saa nne wanarudi nyumbani wakisema hakuna mlima. Jioni kabla ya magharibi unaweza kufunuka tena. Miezi mizuri ni Januari na Februari, halafu Julai mpaka Septemba. Aprili na Mei ni masika, utaona mawingu tu.

Ukitokea Taveta na Himo kinachokukabili kwanza ni kilele cha Mawenzi, ile yenye meno, mita 5,149, haina barafu. Kibo iko nyuma yake. Ukifika Moshi mjini ndiyo unauona uso wa kusini: barafu za Kersten, Heim na Decken, na ile waliyoiita kwa jina la huyo huyo Rebmann. Kipande kikubwa kilichobaki kiko kaskazini, hicho kinaonekana vizuri zaidi ukiwa Loitokitok au Amboseli.

Lakini msije mkitarajia ile mliyoiona kwenye kalenda za zamani. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilikuwa karibu kilomita za mraba 12. Kufikia 2011 zilikuwa zimebaki chini ya 2. UNESCO walisema 2022 kwamba kufikia 2050 itakuwa imekwisha. Kwa hiyo kama una watoto, wapeleke wakiwa bado watoto.

Na watu hudhani inayeyuka tu kama ya kwenye jokofu lililokatiwa umeme. Juu kule, mita 5,895, baridi haiondoki. Sehemu kubwa ya barafu inageuka mvuke moja kwa moja kwa sababu ya jua kali na hewa kavu. Theluji mpya ikipungua, ile kuukuu inabaki wazi, inachafuka, inashika joto zaidi, inapungua upesi. Hali ya hewa ya huku ilianza kukauka tangu mwisho wa karne ya 19, na joto la dunia la sasa linamalizia.

Kupanda mpaka juu ni gharama na ni siku nyingi, sikushauri kwa safari hii. Ila kutoka lango la Marangu unaweza kutembea kwa siku moja mpaka kibanda cha Mandara, kama mita 2,700, ukarudi jioni. Ni msitu mtupu, mbega weupe na weusi juu ya miti, ukungu unakupita usoni. Beba kitambulisho au pasipoti, raia wa Afrika Mashariki hawalipi kiingilio sawa na wageni wa mbali.

Na ukiwa Marangu usile chipsi tafadhali. Ulizia mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama.

Kijana wa Tudor

Kwa hivyo barafu ikiisha na sisi Mombasa maji ndiyo kwaheri, si ndiyo? Maji yetu si yatoka Kilimanjaro?

Fundi Bomba

La. Maji ya Mombasa yanayotoka upande ule ni ya chemchemi ya Mzima, ndani ya Tsavo Magharibi, na bomba lake lilijengwa miaka ya 1950. Mzima yalishwa na milima ya Chyulu. Mvua yanyesha juu ya mawe ya volkeno, yanywewa na ardhi kama hakukuwa na mvua, kisha yatokea chini ikiwa safi. Theluji haimo katika hesabu hiyo. Maji kukatika Tudor kuna sababu nyingine na hazihitaji mlima.

Mrombo wa Kisauni

Fundi yuko sahihi, na hata huku kwetu mito haitegemei barafu. Inategemea msitu. Msitu ndio unaonasa mvua na ukungu. Mimi nikiona mtu analia barafu huku anakata miti ya kuni, simwelewi.

Pwani Kwanza

Nimesoma uzi wote na napinga hiyo habari ya kuanzia Voi. Mimi ni mtu wa Msambweni na nimeizunguka kinyume chake. Waanza Lunga Lunga, mpaka ni mtulivu, Tanga yakupokea kama nyumbani, lugha ile ile, samaki yule yule. Halafu wapanda polepole: Muheza, Lushoto, Pare, na mlima waja kwako siku baada ya siku, kila ukiamka umekua. Nyinyi mwaupata mlima siku ya pili, baada ya hapo kila kitu chateremka. Nani huanza na biriani akamalizia na uji?

Mtembezi wa Mwembe Tayari

Ndugu yangu, wewe waishi baharini ndiyo maana waiita uji. Hoja yako ya mlima kukua kidogo kidogo naikubali, ni nzuri, na kutoka Same kwenda Moshi asubuhi ni kweli wauona mbele ya kioo. Lakini fikiria siku ya mwisho. Ukizunguka kwako, siku ya mwisho ni Taveta hadi Mombasa, umechoka, pesa zimekwisha, na unamalizia na malori ya Mariakani gizani. Ukizunguka kwangu, siku ya mwisho ni Tanga hadi Likoni, mnazi kushoto mnazi kulia, ukichoka waingia Diani wajitupa majini. Nikiwa na watoto sichagui nyingine.

Pwani Kwanza

Gari ikiwa ya watu wazima basi yangu. Tumekubaliana kutokubaliana.

Dereva wa Lunga Lunga

Wenzangu mwasifu mandhari na hakuna aliyetaja karatasi. Nipitishe haraka maana haya ndiyo huwarudisha watu.

Pasipoti, au hati ya muda ya safari ya Afrika Mashariki. Cheti cha homa ya manjano, hata kama siku nyingine hawakiulizi. Logbook ya gari, na kama gari si lako, barua ya mwenye gari iliyo na sahihi. Bima ya kadi ya njano ya COMESA, ile jumuiya ya soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika: Tanzania si mwanachama wa COMESA lakini kadi hiyo yakubalika, na ni bora uichukue hapa Mombasa kwa wakala wako wa bima kabla hujafika mpakani. Kizima moto na pembetatu za kuakisi mwanga, viwe vyaonekana si vimezikwa chini ya mizigo.

Forodha watakupa kibali cha muda cha gari. Hapo ndipo pa kusema wazi kwamba utaingilia Holili na kutokea Horohoro. Karatasi hiyo usiipoteze, yarudishwa unapotoka. Mipaka yote miwili ni ya kituo kimoja, yaani wagonga muhuri wa kutoka na wa kuingia chini ya paa moja, hakuna tena ile ya kupanga foleni mara mbili.

Ukishavuka, kibao cha 50 maana yake ni 50. Si 55. Tanzania vijiji viko barabarani na trafiki wako chini ya mwembe na kamera. Shilingi yetu moja ni kama 20 zao, kwa hivyo usishtuke ukiambiwa chakula ni elfu kumi.

Bi Mkubwa wa Majengo

Mwanangu Dereva, Mungu akuweke. Mimi nimekwenda na binti zangu na wajukuu, wanaume tuliwaacha nyumbani, na hatukusumbuliwa na mtu. Misikiti ya kuswali iko njia nzima. Ila wanawake wenzangu wasidanganywe na neno Tanga wakadhani safari nzima ni joto. Lushoto usiku walala na blanketi mbili. Sisi tulikwenda na madera tu, tukanunua masweta ya mitumba sokoni, bei nzuri kweli.

Wenye kutapika garini, kabla ya kupanda Lushoto wasile kitu kizito. Zile kona nimezipanda nimefumba macho nikisoma dua.

Mdigo wa Duga

Bi Mkubwa, kona za Soni hizo! Kutoka Mombo mpaka Lushoto ni kilomita thelathini na kitu lakini usipange chini ya saa moja. Barabara imechongwa ubavuni mwa mlima, mto uko chini upande mmoja, lori la mboga linashuka upande wa pili. Pale Soni simama uone maporomoko. Lushoto yenyewe Wajerumani waliiita Wilhelmstal, walikuwa wakikimbilia huko joto la Tanga. Nenda Irente, kuna mahali unasimama juu ya jabali na tambarare ya Mazinde iko chini kabisa, magari ya barabara kuu uliyopita jana yanaonekana kama punje. Msimu wa matunda kuna plamu, peasi na fyulisi za bei ya bure.

Halafu kuna jambo moja ambalo hamjaligusa. Mto. Maji yanayotoka Jipe yanaitwa Ruvu, yanakwenda kukutana na Kikuletwa unaotoka upande wa Moshi na Arusha, vinaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa miaka ya 1960, na kinachotoka hapo ndiyo Pangani. Mto huo unafuatana na barabara yenu upande wa kulia, hamuuoni, mpaka Korogwe ndipo mnauvuka darajani. Hale wanauchukua wanazalisha umeme. Mwisho unaingia baharini mjini Pangani, kusini ya Tanga. Mwenye siku ya ziada asiende moja kwa moja Horohoro, ashuke Pangani auone mdomo wa mto, mji wa kale, milango ya nakshi, mashamba ya minazi. Hapo umefuata maji kutoka mlimani mpaka chumvini.

Muheza nunueni machungwa. Ngozi ni ya kijani, msiyakatae kwa rangi.

Binti Kibokoni

Na Tanga mjini kuna nini zaidi ya kulala?

Mdigo wa Duga

Raskazone kwa upepo wa jioni. Mapango ya Amboni, kaskazini kidogo ya mji, ni mawe ya chokaa yaliyoliwa na maji, popo wengi, chukua mwongoza wageni maana ndani kuna njia nyingi. Na kwa wale wanaopenda vita kama vijana wa Mtembezi: Novemba 1914 Waingereza walishusha hapa jeshi kubwa kutoka India, lililopitia kwenu Mombasa. Wajerumani wakaleta askari kwa garimoshi kutoka Moshi, reli ile ilikuwa imefika Moshi 1911. Wachache wakawashinda wengi, na nyuki walioshtuliwa na risasi wakawauma wote bila ubaguzi. Ile njia mnayoiendesha kwa raha ndiyo waliyopita wale askari.

Mtembezi wa Mwembe Tayari

Ahsante Mdigo, umenipunguzia kazi. Namalizia kipande cha kwetu, kwa kuwa watu wakishavuka Lunga Lunga huona safari imekwisha wakakanyaga mafuta. Vanga, mji wa mwisho wa pwani yetu, uko nje kidogo ya barabara na hakuna haraka ndani yake. Shimoni kuna pango lililofungiwa watumwa, na mashua za kwenda Wasini na hifadhi ya Kisite Mpunguti, maji ambayo waona matumbawe bila kupiga mbizi. Gazi kina mama wamejenga njia ya mbao ndani ya mikoko, na kupitia mradi wa Mikoko Pamoja kijiji chalipwa kwa hewa ya ukaa ambayo mikoko yaihifadhi, pesa zarudi kwenye maji na shule. Kwa mtu aliyetoka kutazama barafu ikipungua, Gazi si ya kurukwa. Tena wali wao wa nazi!

Kijana wa Tudor

Nimeandika yote. Swali la mwisho, tukirudi Jumapili jioni na foleni ya Likoni tuwe na akili gani? Mizigo mingi, watoto, na feri.

Dereva wa Lunga Lunga

Yategemea waishi wapi. Ukiwa wa Changamwe, Mikindani au Jomvu, usifike Likoni kabisa. Shika barabara ya Dongo Kundu upite madaraja yale marefu ya juu ya mikoko, utokee upande wa Miritini. Wewe wa Tudor uko kisiwani, Dongo Kundu itakuzungusha mpaka Makupa, na Jumapili jioni Makupa nayo ina yake. Mimi hula kwanza Ukunda, nikaswali isha hapo, nikafika feri watu wamepungua. Ukifika saa kumi na mbili utakaa kwenye foleni na watoto wakiuliza kama tumefika.